Viatu vya Ua la Asubuhi

Mbele ya mlango wa nyumba ile palikuwa na mkeka wa plastiki, na juu ya mkeka palikuwa na viatu. Vya mama, fundi mapazia, vilikuwa vimelala visigino kwa kukanyagwa, maana hakuwahi kupata nafasi ya kuvivaa mpaka mwisho. Vya baba, fundi friji, vilikuwa vizito na vyenye madoa ya kutu. Malapa ya bibi, mama yake baba, yalikaa pembeni kama yaliyosusa. Raba za shule zilikuwa za binti wa pekee wa nyumba, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye wote walimwita Kasuku, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutambaa na tangu hapo hakuna aliyegundua mahali pa kumzimia. Vilivyobaki vilikuwa viatu vya watu waliokuwa wanazungumza na nyumba hiyo kwa simu.

Jambo hilo lilianza simu zilipoanza kuingia mifukoni mwa watu, na nyumba nyingi za mtaa zilikuwa nalo. Mtu akipiga simu, au akianza kuandikiana na mtu wa ndani, viatu vyake vilitokea mlangoni na kukaa hapo mpaka maongezi yaishe. Kisha vilirudi kwa mwenyewe, ambaye muda wote huo alikuwa pekupeku huko aliko na hajui kwa nini vidole vinapata baridi. Hapo mwanzo watu waliiuliza kampuni ya simu, ikajibu kwamba huduma hiyo haina makato, wakaridhika. Bibi hakuhitaji hata kuuliza.

"Mtu akiingia kwa watu anavua viatu," alisema. "Kuingia kwa simu si kuingia? Au mlitaka anikanyagie zulia?"

Shangazi aliyehamia nchi ya baridi alipopiga, buti zake zilikuja na theluji, na bibi alizikemea kama ambavyo angemkemea mwenyewe: "Hata kukung'uta hukung'uti, mtoto wewe." Kisha alizifuta. Alifuta viatu vya kila mgeni. Alikuwa na brashi yake ya manyoya magumu ambayo mwingine hakuruhusiwa kuigusa, na aliamini kwamba nyumba inapimwa kwa jinsi mgeni anavyovikuta viatu vyake wakati wa kutoka: visafi, pua zikitazama njia, asihangaike kugeukageuka kama kuku aliyefungwa mguu.

Vya wateja wa baba ndivyo vilivyokuwa vingi. Friji haina adabu ya kuchagua wakati wa kuharibika, kwa hiyo kutwa nzima viatu vya wanaume vilikuja na kuondoka: vya mwenye bucha, vya mwenye hoteli, vya bwana mmoja aliyepiga kila siku kuuliza kama inawezekana friji ikawa inanung'unika kwa wivu.

Ndiyo maana jozi moja zaidi haikumsumbua mtu. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, namba arobaini na tano, vya mtu anayekwenda kazini akiwa amechomekea shati. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje. Mama alivipita akidhani ni vya mteja wa baba. Baba alivipita akidhani ni vya mteja wa mama, labda mwenye ofisi anayetaka mapazia ya kukunja. Bibi hakudhani chochote. Alivifuta, akavigeuza pua, akaingia ndani.

Katika siku hizo Kasuku alinyamaza.

Hakunyamaza kwa mkupuo. Alianza kuacha habari katikati, kisha akaacha kuzianza. Mama alisema ni umri. Baba alisema ni mitihani. Bibi alisema ni minyoo, akamnywesha dawa, na minyoo kweli ilitoka, lakini mtoto hakusema.

Kwenye simu aliyonunuliwa kwa ajili ya masomo, Kasuku alikuwa na rafiki aliyejiita Ua la Asubuhi. Walikutana mahali fulani mtandaoni ambapo watoto huonyeshana michoro yao. Kasuku alichora magauni, mengi yakiwa na mikunjo ya mapazia, na Ua la Asubuhi alisema hajawahi kuona mkono wa namna hiyo. Alisema yeye ni msichana wa miaka kumi na mitatu, hana ndugu, na mama yake hana muda naye. Alijua kusikiliza. Aliuliza habari za shule, jina la mwalimu, chumba anacholala, saa ambazo watu wazima hawapo. Akaomba picha ya uso, akapewa. Kisha akaomba picha ya aina nyingine, ambayo Kasuku hakutaka kuipiga. Hapo Ua la Asubuhi akabadilisha lugha. Alisema anajua kubandika uso wa mtu juu ya mwili wowote, kwamba wa Kasuku ameshaubandika, na kwamba shule nzima itauona asipoletewa picha anayoitaka. Na Kasuku asithubutu kumwambia mtu.

Kila walipoandikiana, viatu vyeusi vilikuwa mlangoni.

Mambo yalifunguka mchana mmoja wa jua kali. Mama alirudi mapema na marobota ya kitambaa mabegani. Baba alikuwa sebuleni, amefungua mgongo wa friza kubwa ambayo mteja wake alikuwa ameichoka.

"Baba Kasuku," mama alisema, akivuka viatu. "Huyu mteja wako haondoki? Kila siku namruka tu hapa mlangoni."

"Mteja gani?"

"Wa viatu vyeusi."

"Simu yangu iko ndani ya mchele tangu jana," baba alisema. "Ilitumbukia kwenye maji ya barafu. Mimi nilijua ni wako."

"Wangu ningezungumza naye kwa simu gani? Yangu imezima tangu asubuhi, chaji sina."

Bibi hakuwa na simu. Alisema siku zote kwamba anayemtaka anajua anapokaa.

Mama alitua marobota. Alirudi mlangoni, akavitazama viatu kwa mara ya kwanza, vilivyofutwa vikafutika, pua zikitazama njia. Ndani ya nyumba ilikuwa imebaki simu moja tu inayofanya kazi.

Mlango wa chumba cha Kasuku ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Kasuku."

"Nasoma."

"Haya. Na mimi nimechoka, nakaa hapa hapa."

Mama akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Alitaka kuuvunja. Alikuwa na mikono iliyozoea kutundika mapazia ya ukumbi mzima, na udhaifu wa bawaba zile aliujua. Lakini aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi.

"Kuna viatu hapo nje. Ni vya mgeni wako?"

Jibu lilitoka chini kabisa, maana Kasuku naye alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango huo huo.

"Ndiyo."

"Umewahi kuviona?"

"Naviona kila siku."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Bibi anavifuta," Kasuku alisema. "Nikajua mnamjua. Nikajua mmeshamkubali. Mtu anayefutiwa viatu, mimi ningemfukuzaje?"

Bibi alikuwa amesimama koridoni na brashi mkononi. Alikaa chini, yeye ambaye magoti yake yalikuwa hayajamruhusu kukaa chini tangu mjukuu huyo azaliwe. Brashi aliiweka mbali naye, kama kitu cha mtu mwingine.

"Sikumjua, mjukuu wangu," alisema. "Haki ya Mungu, mimi nilikuwa nafuta ngozi tu."

"Umeshampa anachotaka?" mama aliuliza.

"Bado. Amesema leo ndiyo mwisho."

Mama alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi nzito, na mapazia ya koridoni, ambayo aliyashona mwenyewe kwa kitambaa kizito ili yasipepee, yalipepea mpaka yakagusa dari. Yaliposhuka, kitasa kilizunguka, na Kasuku akatoka akiwa na sweta ya shule kwenye joto lile, amefunga vifungo vyote mpaka kooni. Alimwangukia mama yake begani akalia kama mtoto mdogo, kwa kwikwi na makamasi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Walikuwa wameshashiba ukimya.

Baba alifika na nyundo.

"Leteni hiyo simu."

"Ukiivunja anavaa viatu vyake anakwenda zake," mama alisema. "Kesho yuko mlango mwingine, anafutiwa na bibi mwingine."

"Ndiyo, niseme nini," bibi alisema.

Baba aliitazama nyundo, akaiweka chini. Alifikiri kidogo, akaenda kuleta toroli ya kubebea friji.

Viatu vya mtu aliye kwenye maongezi huwa na uzito wa mwenyewe. Hilo baba alilijua tangu siku alipotaka kusogeza vya mwenye bucha ili afagie, akateguka kiuno. Mama alichukua simu, akaandika neno moja: "Subiri." Ua la Asubuhi akajibu kwamba anasubiri, ila asichezewe. Baba akaingiza bati la toroli chini ya soli, akafunga mkanda, akaegemeza nyuma.

"Kilo tisini," alisema. "Hafikii friji ya milango miwili."

"Msichana wa miaka kumi na mitatu," bibi alisema. "Kwao wanakula."

Wakaviingiza sebuleni, wakavipakia ndani ya friza, wakashusha mfuniko, na baba akatia kufuli. Hapo ndipo mama alipofunga mazungumzo. Ndani ya friza viatu vilipigapiga kama samaki aliyetolewa majini, kisha vikatulia. Havikwenda popote.

Simu ikalia.

"Umefanya nini?" Ua la Asubuhi aliandika. Na kabla hawajamaliza kusoma: "Viatu vyangu viko wapi?"

Kasuku alisoma juu ya bega la mama yake. Midomo ilianza kumcheza.

"Arobaini na tano," alisema. "Na amesema mama yake hana muda naye. Muda wa nini, wa kumtafutia soksi?"

Akacheka, akalia tena, akacheka, halafu akaanza kusimulia, tangu gauni la kwanza mpaka ujumbe wa mwisho. Alisimulia mpaka sauti ikakauka. Bibi akamletea maji, akanywa, akaendelea. Baba alimsikiliza akiwa amekaa juu ya mfuniko wa friza na hakumkatiza hata pale aliposikia mambo yaliyomfanya atamani kwenda kuoga. Jioni ile Kasuku alikula sahani yake na nusu ya mama yake, akalala papo hapo kwenye kiti, mdomo wazi.

Kesho yake walikwenda kituo cha polisi, viatu vikiwa ndani ya mfuko wa mapazia. Sasa havikuwa na uzito wa mtu. Vilikuwa baridi tu.

Kwenye dawati la watoto na mitandao alikuwepo koplo mwanamke aliyekuwa anashona kifungo cha sare yake bila kuivua. Aliutupia mfuko jicho.

"Viatu?"

"Viatu," mama alisema.

"Njooni huku."

Alifungua chumba cha nyuma. Kilikuwa na rafu mpaka darini, na rafu zote zilijaa viatu. Vilikuwepo vya ofisini, vya mazoezi, kandambili, vyenye vumbi la chaki, vyenye nyasi za uwanja wa mpira kwenye soli, hata vya kike vyenye visigino virefu. Vilikuwa viatu vya watu wa kawaida kabisa. Ungekutana navyo kwenye foleni ya benki ungevipisha vitangulie.

"Wenyewe wako wapi?" baba aliuliza.

"Wapo tu. Tunawaandikia wenye mitandao, tunawauliza mguu ni wa nani. Wanajibu kwamba mguu ni siri ya mteja." Koplo alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Na bila mguu, hakimu anatuambia tumefungua duka."

"Si wanatembea pekupeku? Mtawajua."

"Kutembea pekupeku si kosa, tulishauliza. Halafu hawatembei hivyo muda mrefu." Alielekeza kidevu dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la viatu, na mwenye duka alikuwa anaongeza ghorofa.

Koplo aliwaonyesha jinsi ya kuhifadhi ujumbe wote, usifutwe hata mmoja, na jinsi ya kuwaripotia wenye mtandao. Mama alibonyeza. Jibu lilikuja kabla kidole hakijatoka kwenye kioo. Lilimshukuru kwa kusaidia kufanya mahali pao pawe salama, likasema akaunti ya Ua la Asubuhi imekaguliwa na haijaonekana kukiuka kanuni yoyote. Chini yake aliulizwa angeipa huduma hiyo nyota ngapi.

"Leo wamewahi," koplo alisema.

"Na ile picha ya kubandika?" mama aliuliza.

"Mwalimu mkuu aambiwe leo, asikie kwenu kabla hajasikia kwa mwingine. Ikitokea, mje siku hiyo hiyo. Ila hawa wengi wao wanaishi kwa kuogopwa. Mtoto akishasema nyumbani, hawana tena cha kumshikia." Kisha alimgeukia Kasuku. "Haya, mrembo wa magauni. Wewe unadhani ulikosea wapi?"

Kasuku alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima.

"Nilimpa picha ya uso. Nilimtajia mwalimu wangu. Sikusema mapema."

"Hayo ni mambo aliyokufanyia yeye. Nimekuuliza wewe."

Kasuku alifikiri. Alitazama rafu, akatazama dari.

"Sijui."

"Na mimi natafuta sioni," koplo alisema. Akachukua chaki, akaandika namba kwenye soli ya kiatu cha kulia, karibu na kisigino kilicholika. Hakuviweka kwenye rafu mara moja. Aliendelea kuvishika, kimoja kwa kila mkono. "Vingi humu vililetwa mtoto akiwa ameshaumia. Hivi vimekuja mapema. Hebu niviangalie vizuri, sipati vya namna hii mara nyingi."

Wakamwacha aviangalie. Walipotoka waligongana mlangoni na mwanamume mwenye mfuko wa sokoni uliotuna pembe mbili, akiwa ameshikana mkono na kijana wake. Mama akawashikia mlango.

Picha ya kubandika haikuja wiki ile, wala iliyofuata. Ua la Asubuhi hakuandika tena. Sweta ilirudi kabatini. Mwalimu wa darasa alimsimamisha mama barabarani kulalamika kwamba binti yake haachi kuongea kipindi kizima, na mama alimshika mikono yote miwili akamshukuru sana kwa habari hiyo, akaenda zake, mwalimu akabaki amesimama na malalamiko yake nusu. Usiku, chakulani, baba aliuliza kama kuna fundi anayejua ilipo swichi ya mtoto huyu. Aliuliza kwa raha sana, akaongezewa mchuzi.

Bibi aliendelea kufuta viatu, ila si kabla ya mahojiano. Alihamishia kigoda chake mlangoni. "Wa nani wewe? Umekuja kwa nani?" aliviuliza, na mtu wa ndani alitakiwa atoke amtaje mgeni wake kwa jina na ukoo. Wateja wa baba walilalamika kwamba siku hizi wakipiga simu miguu inakaa na baridi muda mrefu. Shangazi alikuwa amenunua buti mpya bila kutoa taarifa, zikawekwa kizuizini mpaka theluji yote ikayeyuka.

Jumamosi moja mama na Kasuku walipeleka mapazia kwenye nyumba moja ya mtaa wa pili, ambako hawakuwahi kufika. Mwenye nyumba alikuwa ametaka ya rangi ya kijivu, yasiyopitisha mwanga, kwa ajili ya chumba cha mwanawe. Mlangoni palikuwa na viatu vya kike vya nyumbani, raba ndogo za mvulana, na viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, namba arobaini na tano. Vilikuwa vipya. Karatasi ya bei ilikuwa bado imening'inia kwenye tundu la kamba, na visigino vyote viwili vilikuwa havijaanza kulika. Vumbi la njiani lilikuwa limefutwa kwa uangalifu.

Mama alitua mapazia. Kabla hajafungua mdomo, Kasuku alikuwa ameshaanza kuugonga mlango kwa ngumi nzima.

"Hodi! Hodi humu ndani! Viatu vya nani hivi?"

Mwenye nyumba alitoka akitabasamu, taulo begani.

"Ah, watu wa mapazia, karibuni jamani. Hivyo? Sijui hata, nadhani ni vya mtu wa baba watoto. Vinakuja kila siku. Mbona mnasimama? Piteni."

Mama na Kasuku walivua vyao, wakaviweka kando ya vile, wakaingia.